Yadi Zilizohesabiwa Mezani

Ndugu msomaji, wafikirie akina mama wawili wasiopata kuonana. Mmoja alikuwa mfumaji katika mkoa wa Lancashire, Uingereza. Wa pili alisokota nyuzi kiwandani Hong Kong, koloni la Uingereza hiyo hiyo. Katika miaka ya 1950 yule wa kwanza aliambiwa kuwa wa pili ndiye amnyang'anyaye tonge.

Nguo za pamba za Hong Kong ziliingia Uingereza bila ushuru, kwa mapatano ya Ottawa ya mwaka 1932. Mapinduzi ya China ya mwaka 1949 yalipowafanya wenye viwanda wengi wa Shanghai wahamie Hong Kong na mitaji yao, nguo hizo zikaongezeka sana. Lancashire ikapiga kelele. Serikali ya London ikaona haya kulifungia mlango koloni lake yenyewe, ikapendelea "hiari". Mwaka 1959, baada ya mazungumzo marefu, wenye viwanda wa Hong Kong walikubali kutopeleka Uingereza zaidi ya yadi za mraba milioni 164 kwa mwaka, kwa muda wa miaka mitatu.

Lakini hiari ya mtawaliwa mbele ya mtawala wake ni hiari gani?

Je, yule mfumaji aliokoka? La. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwalipa matajiri wa pamba ili wavunje mashine zao kuukuu. Viwanda viliendelea kufungwa. Huko Hong Kong nako, kwa kuwa kilichopimwa kilikuwa wingi wala si bei, matajiri waligeukia mavazi ya thamani zaidi. Na vibali vya kuuza nje vikawa mali ya kununuliwa na kuuzwa. Kupimiana huko kulienea duniani, kukawekewa mapatano makubwa mwaka 1974, na hakukukoma mpaka tarehe 1 Januari 2005, miaka saba na nusu baada ya Hong Kong kurudishwa China.

Ndugu msomaji, unapoambiwa kuwa mfanyakazi wa nchi ya mbali ndiye adui wa chungu chako, usikimbilie kumlaani. Uliza kwanza: ni nani walioketi mezani, na nani aliyeondoka na kibali mfukoni? Akina mama wale wawili hawakuandaliwa hata kiti.