Usiitupe Sayansi Ukishika Kamera
Kuanzia Karatina hadi Nanyuki stori ni ileile: jamaa alisoma zoolojia, akachoka kutuma barua za kazi, akanunua kamera, sasa anaposti, "Niliacha sayansi nikafuata ndoto." Watu wanampigia makofi. Mimi sipigi.

Sio wivu. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokosekana, na kamera ndiyo inayonilipia nyumba hapa Nyeri. Ndiyo maana naongea.

Mara ya kwanza kupanda Mlima Kenya kupitia Naro Moru, nilitaka picha ya chozi, yule ndege wa kijani anayeng'aa, akifyonza maua ya lobelia. Nikavizia lobelia moja ndefu asubuhi nzima, vidole vimekufa ganzi. Maua ya aina hiyo hujificha ndani ya kitu kama manyoya, kwa hivyo sikushuku chochote. Rafiki yangu aliyemaliza botania alipofika, akacheka: "Buda, hiyo imekufa. Hii huchanua mara moja tu maishani, halafu basi." Akanipeleka kwa nyingine iliyochanua. Chozi alikuwa hapo. Kamera zetu zilikuwa sawa. Vichwa ndivyo vilivyotofautiana.

Ama chukua bongo wa milimani, wa msitu wa Aberdare. Inakadiriwa wamebaki chini ya 100 mwituni, na wengi wetu tutawaona pichani tu. Nyingi ya picha hizo hupigwa na kamera zinazofungwa mitini, zikijifyatua mnyama akipita. Lakini kamera haijui ifungwe mti gani. Anayejua ni yule anayesoma nyayo, kinyesi na majani yaliyoliwa. Hiyo ni sayansi, mtu awe na cheti au asiwe nacho.

Washington Wachira, mtaalamu wa ndege na mpiga picha, alizungumza kuhusu ndege kwenye TEDGlobal ya Arusha mwaka 2017. Yeye hakutupa kimoja ili apate kingine.

Kwa hivyo wewe uliye mwaka wa tatu, unayewaza kutoka: kamera nunua ukitaka, lakini madaftari usichome. Mimi nayasoma yangu upya usiku, peke yangu, bila mhadhiri wa kuuliza. Hiyo bei hakuna anayeiposti.