Flagyl na Watoto wa Kilifi

Metronidazoli, ile Flagyl ambayo Malindi nzima huijua kama dawa ya tumbo, ilidhihirisha kwa bahati nguvu yake dhidi ya bakteria wasiovumilia oksijeni. Mwaka 1962 huko Uingereza, mwanamke aliyepewa dawa hiyo kwa maradhi mengine alipona ugonjwa wa ufizi pia.

Bakteria hao ni wagumu kupima. Fundi wa maabara hufungia sahani zao mtungini pamoja na kipakiti kinachofyonza oksijeni, akasubiri siku mbili au zaidi, hivyo si rahisi kumjua haraka mgonjwa anayehitaji dawa hii.

Ndiyo maana kazi ya watafiti wa KEMRI-Wellcome, Kilifi, ni ya kupongezwa mno. Dawa ni ya zamani, lakini waliilinganisha na dawa bandia kwa watoto wenye utapiamlo mkali, na kupima damu kujua inakaaje katika miili iliyokonda.