Golf GTI iliyotyuniwa: atakayelipa ni mnunuzi wa pili

Magari madogo ya mwendo kasi yamekuwa fasheni hapa Mombasa. Golf GTI zinazoshushwa Kilindini kutoka Japani utaziona Nyali, Bamburi hadi Mtwapa, na si chache kati yake zimeshabadilishwa tangu zitoke kiwandani. Mwenye gari anamwachia fundi wa kompyuta asubuhi gari lenye nguvu za farasi 220, na jioni anachukua lenye karibu 300. Swali lisiloulizwa ni nani atakayelipia hizo 80 zilizoongezwa. Mara nyingi si yeye, bali ni yule atakayeuziwa gari hilo baadaye.

Tuanze na kinachofanyika. Golf GTI ya kizazi cha saba, iliyotoka 2013, ina injini ya lita 2.0 yenye turbo. Kompyuta ya injini ndiyo inayoamua turbo isukume hewa kiasi gani, petroli kiasi gani inyunyizwe na plagi iwashe wakati gani. Fundi anaandika upya programu hiyo ili turbo isukume zaidi. Hakuna chuma kilichobadilishwa. Ndiyo maana kazi ni rahisi, na ndiyo maana watu wanadhani nguvu hizo ni za bure.

Volkswagen wenyewe walipotaka farasi 300 kwenye Golf R ya kizazi hicho hicho, hawakuishia kwenye programu. Walibadilisha turbo, pistoni, kichwa cha injini, vali za moshi na vinyunyizio vya petroli, wakaweka breki kubwa zaidi na kupeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne. Mwaka 2016 walitoa GTI Clubsport S yenye farasi 310 kwenye magurudumu ya mbele pekee. Lakini hiyo ilikuwa na gia za mkono, ilitolewa viti vya nyuma kupunguza uzito, na zilitengenezwa 400 tu. Kiwanda kinajua gharama ya kila farasi.

Sehemu inayoumia kwanza kwa kawaida ni giaboksi na klachi zake. DSG ya gia sita iliyomo kwenye GTI ilipozinduliwa ilikadiriwa kuhimili msokoto wa niutoni-mita 350. GTI ya kizazi cha saba inatoa 350 hizo hizo ikiwa haijaguswa. Programu mpya ikiongeza hadi 400 na zaidi, klachi zinaanza kuteleza, na klachi inayoteleza huchoma oili yake. Oili ya giaboksi hiyo inatakiwa kubadilishwa kila kilomita 60,000. Wangapi kati yetu tunanunua gari lililotumika na kuuliza ilibadilishwa lini?

Kisha kuna joto letu la Pwani. Hewa ya moto ina oksijeni kidogo, na turbo huipasha moto zaidi. Hapa kwetu, ambapo nyuzi 30 ni jambo la kawaida, kipoza-hewa cha kiwandani hakina nafasi kubwa ya kupumua ukikwama kwenye foleni kisha ukakanyaga ghafla. Isitoshe, gari lililokuwa Japani lilizoea petroli ya haioku, ambayo oktani zake hazipungui 96. Programu ikiwa imeandikwa kwa petroli ya Ulaya ya oktani 98 na mwenyewe anajaza yoyote atakayoikuta kituoni, petroli huwaka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Injini hugonga. Kompyuta hujaribu kuizuia, lakini mgongano ukizidi, pistoni hupasuka.

Wanaotetea kutyuni wana hoja, na si haki kuipuuza. Gari lililobadilishwa na fundi makini, likawekewa kipoza-hewa kikubwa, plagi zinazofaa na programu ya giaboksi, likabadilishwa oili mapema na kupashwa moto kabla ya kukanyagwa, linaweza kudumu miaka. Tatizo ni kwamba wengi hulipia programu pekee, na yale mengine wanayaahirisha.

Siku ya kuuza ikifika, programu ya kiwandani hurudishwa kwa muda mfupi tu. Gari linaingia yadi likiwa kimya na safi. Kubadilisha injini ni jambo la kuandikishwa NTSA, lakini programu haionekani kwenye logbuku wala kwa macho. Mwalimu au mfanyabiashara aliyechukua mkopo wa Sacco anauziwa mbuzi kwenye gunia, na giaboksi inapokufa miezi michache baadaye, mkopo bado unadai. Bima nayo ina lake: mabadiliko ambayo kampuni haikuambiwa yanaweza kuwa sababu ya kukataa kulipa baada ya ajali.

Na ajali ndilo jambo zito zaidi. Gari likitoka kilomita 100 kwa saa hadi 140, nguvu ambayo breki zinapaswa kuizima inakaribia kuwa maradufu. Breki na tairi zile zile za zamani ndizo zinazoachiwa kazi hiyo, kwenye barabara ambako bodaboda na watu wa miguu wanavuka.

Mnunuzi ana njia za kujilinda. Alete fundi wake mwenyewe mwenye kifaa cha uchunguzi, asome idadi ya mara programu ya injini imeandikwa. Si ushahidi kamili, maana wapo wanaoifuta, lakini namba kubwa ni sababu ya kuuliza. Adai risiti za oili ya giaboksi. Aliendeshe gari likiwa limepata moto, apande mlima kwa gia ya juu na kusikiliza kama mzunguko wa injini unapanda bila mwendo kuongezeka. Akague pia uvujaji kwenye pampu ya maji, udhaifu unaojulikana wa injini hizi hata zisipoguswa.

Lakini mzigo usiwe wa mnunuzi peke yake. Yadi zinaweza kutakiwa kuandika kwenye mkataba wa mauzo kama gari liliwahi kubadilishwa programu, na ukaguzi wa NTSA unaweza kujumuisha kusoma kompyuta ya injini. Kifaa chenyewe kipo kwenye gereji nyingi za mji huu. Anayetaka farasi 300 ana haki ya kuzitafuta, mradi alipie mwenyewe na amwambie anayemfuata.