Akiba ya uzeeni: Asilimia 10 ya mwajiri isipotee

Kwa familia nyingi za Tarime na Serengeti, akiba ya uzeeni ni shamba na zizi la ng'ombe. Lakini vijana walioajiriwa katika mgodi wa North Mara, hoteli za Serengeti na maduka ya Sirari na Mugumu wana akiba nyingine, ambayo baadhi yao huipoteza bila kujua.

Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) inataka mchango wa asilimia 20 ya mshahara. Mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Inayobaki anailipa mwenyewe.

Tuchukue mshahara wa Sh400,000 kwa mwezi. Mfanyakazi anakatwa Sh40,000 na mwajiri anaongeza Sh40,000. Makato hayo hutolewa kabla ya kodi, hivyo kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kodi inashuka kutoka Sh10,400 hadi Sh7,200. Maana yake mfukoni panapungua Sh36,800, wakati mfuko unapokea Sh80,000.

Faida nyingine ni kwamba fedha hizo hukatwa kabla hazijafika mkononi. Anayesubiri kuweka kinachosalia mwisho wa mwezi, mara nyingi hakuti kitu.

Hata hivyo, ipo mitego miwili. Kwanza, pensheni ya kila mwezi inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Kibarua anayehama kutoka mkandarasi mmoja hadi mwingine, huku baadhi yao hawapeleki michango, anaweza kufika miaka 60 akaishia kupewa malipo ya mkupuo tu.

Pili, pensheni hukokotolewa kwa mshahara uliochangiwa. Mwajiri akilipa Sh400,000 lakini akaandika Sh200,000, mfanyakazi anafurahia makato madogo leo, na uzeeni anapata pensheni ya nusu mshahara.

Mfanyabiashara mwenye wasaidizi wawili dukani naye ni mwajiri. Anatakiwa kuwasilisha michango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kwisha. Akichelewa, deni linaongezeka kwa adhabu.

Mkulima wa kahawa Tarime au wa pamba Serengeti hana mwajiri wa kumwongezea. Lakini tangu mabadiliko ya mwaka 2018, NSSF ndiyo mfuko wa sekta binafsi na waliojiajiri, naye anaweza kujiunga kwa hiari. Anachoweza kuiga ni makato ya mapema: wanachama wa chama cha msingi wakubaliane kwa maandishi kiasi cha kukatwa siku ya malipo ya mazao, kabla ya sherehe na madeni.

Ng'ombe wabaki zizini, kwani wana kazi yao. Lakini ukame, ugonjwa na wezi huweza kulimaliza zizi kwa msimu mmoja. Aliyeajiriwa adai taarifa ya michango yake mara kwa mara, ahesabu miezi na kulinganisha mshahara ulioandikwa. Pengo la mwezi uliopita ni rahisi kulifuatilia kuliko la miaka 10 iliyopita, wakati mkandarasi ameshaondoka.