KUFULI LA KANISA NA KIJANA ALIYE STEJI



Leo sina neno laini. Soma hadi mwisho ndipo unikasirikie.

Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, makanisa mengi hapa Minjila na Garsen yana kufuli mlangoni. Ndani kuna viti, kivuli na paa. Nje, pale makutanoni ambapo barabara ya Malindi inagawanyika, moja ikienda Garissa na nyingine Lamu, kuna kijana wa miaka 16. Anakimbiza mabasi na chupa za maji. Ukimwuliza shule, anajibu: "Nasomea nyumbani, pasta."

Nyumbani wapi? Na nani? Kitabu gani?

Wapendwa, tuseme ukweli. Neno "nasomea nyumbani" limekuwa shuka la kufunika mambo mengi. Kuna nyumba ambayo mafuriko ya Novemba 2023 na ya 2024 yalibeba shamba, na karo ikaenda na maji. Kuna nyumba ambayo binti alijifungua, watu wakamcheka, akaona aibu kurudi darasani. Kuna nyumba inayohama na ng'ombe kutafuta malisho. Na kuna nyumba ya mpendwa aliyeokoka, aliyemtoa mtoto shuleni kwa kuogopa ulimwengu utamharibu. Sababu ni nne, lakini kijana ni yule yule: yuko peke yake na daftari, hana wa kumsahihisha.

Mzazi uliyemtoa mtoto kwa sababu ya imani, naanza na wewe, maana wewe ndiwe unayenirushia maandiko. Unanipa Kumbukumbu la Torati 6, kwamba mzazi amfundishe mtoto akiwa ameketi nyumbani na akitembea njiani. Amina! Lakini endelea kusoma Biblia. Timotheo alifundishwa imani na nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Je, aliishia jikoni kwa nyanya? Hapana. Alipewa Paulo. Na Bwana wetu mwenyewe alilelewa katika nyumba ya Yusufu na Mariamu, nyumba takatifu kuliko yako na yangu. Alipokuwa na miaka 12, Luka 2 inatuambia alipatikana wapi? Hekaluni, katikati ya waalimu, akisikiliza na kuuliza maswali. Kama nyumba ya Nazareti haikumtosha Yesu kwa kujifunza, nyumba yako inamtoshaje Kadzo?

Mtoto wa miaka 7 unaweza kumfundisha kusoma ukisonga sima. Wa miaka 15 anataka hesabu zinazokushinda, kemia usiyoijua, na wenzake wa kubishana nao. Ukimfungia, hujamlinda na ulimwengu. Simu aliyoificha chini ya mto ndiyo mwalimu wake sasa.

Sasa nakugeukia wewe, mtumishi mwenzangu. Unasema kazi ya kanisa ni kuhubiri, elimu ni ya serikali. Nani alikufundisha hivyo? Soma Matendo 19. Paulo kule Efeso alipokataliwa katika sinagogi hakuenda kulala. Alichukua darasa la mtu aitwaye Tirano, akafundisha humo kila siku kwa miaka 2. Kila siku, mtumishi, si Jumapili peke yake! Hapa kwetu pia, wamisionari wa Neukirchen waliokuja Ngao katika karne ya 19 hawakuleta mimbari tupu. Walileta na herufi. Injili ya mto huu ilikuja na ubao. Sisi tumebakiza spika.

Ninachoomba si shule mpya, wala jengo, wala mfadhili. Naomba familia 5 au 6 ziungane kama tunavyoungana kwenye chama cha akina mama. Vijana 10 hivi. Asubuhi 3 kwa wiki, saa mbili hadi saa sita, ndani ya kanisa lililo na kufuli. Mwalimu mstaafu mmoja wa hesabu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne asimamie Kiswahili na kusoma. Nesi aje mara moja kwa mwezi afundishe afya. Mkulima wa mpunga aje na vipimo vya shamba lake, wapige hesabu ya kweli. Siku zinazobaki kila mmoja asome nyumbani, akiwa na kazi ya kurudisha. Mwenye shilingi 200 alete, mwenye maembe alete maembe, asiye na kitu afagie darasa. Watu wazima wawe wawili wakati wote na milango iwe wazi. Sitaki siri yoyote na watoto wa watu.

Watoto wa Kiislamu je? Waje! Nasikia mtu ananuna. Wewe umesahau mwaka 2012? Zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii, wakulima na wafugaji, Wapokomo na Waorma, nyumba zikachomwa na watoto ndani. Kijana aliyekaa dawati moja na mwenzake akigawana kalamu hachukui panga kirahisi. Katika saa ya hesabu tutafundisha hesabu. Hakuna mtego wa kumsilimisha wala kumwokoa mtu kwa hila. Upendo wetu ndio utahubiri.

Wengine wanasema: "Pasta anataka kupambana na serikali." Sikiliza vizuri. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule, na anayekaidi anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja. Wako wazazi Wakenya waliofikishwa mahakamani kwa kusomesha nyumbani. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kwa chifu na ofisi ya elimu, tueleze tunachofanya mchana kweupe. Na lengo la kwanza ni kumrudisha shuleni kila anayeweza kurudi. Binti aliyejifungua ana haki ya kurudi. Sera hiyo ipo tangu 1994. Asikudanganye mtu kwamba mlango umefungwa. Wakati anangoja karo au anangoja mtoto aachishwe ziwa, asikae bure.

Na saa zinakwenda. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho 2023. Wale waliofuata mfumo wa 8-4-4 watamaliza na KCSE ya 2027. Kijana aliyeachia njiani akikaa miaka mingine 2 akiahidiwa "mwakani", atarudi akute mlango wa zamani haupo. Mwakani si mpango, wapendwa!

Mnakumbuka 2020? Machi shule zilifungwa, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2021. Masomo yakatangazwa redioni. Nani alinufaika? Mara nyingi ni yule aliyekuwa na mtu wa kukaa naye na kumwuliza: umeelewa nini? Redio haiwezi kuuliza hilo. Jirani anaweza.

Tena tuna ushuhuda wetu wenyewe. Wimbo wa taifa wa Kenya, unaosimamisha hata rais, chimbuko la sauti yake ni wimbo wa mama wa Kipokomo akimbembeleza mwanawe. Ulianzia nyumbani, hapa hapa kwetu. Lakini haukuwa wimbo wa taifa ukiwa chumbani. Mzee Meza Moroa Galana aliutoa, na tume ya watu 5 ikakaa pamoja kuutengeneza kwa ajili ya uhuru wa 1963. Kilichoanza kwa mama mmoja kilihitaji wengine ili kisimame.

Basi, wazee wa kanisa, ufunguo uko kwa nani? Siku ya hukumu Bwana hatatuuliza viti vyetu vilikuwa safi kiasi gani. Atauliza vilikaliwa na nani.

Mzazi, ukiwa na kijana nyumbani, baada ya ibada Jumapili baki dakika 20. Njoo naye, na daftari lake. Mwalimu mstaafu unayesoma hapa, wewe ni jibu la maombi ya mtu, usijifiche.

Baba, katika jina la Yesu, fungua makufuli ya makanisa yetu, na ya mioyo yetu kwanza. Vijana wa Minjila, Garsen, Ngao na Tarasaa wasipotee tukiwatazama. Amina.

Kama umekubali, usiandike "Amina" peke yake. Andika unaweza kufundisha nini, na siku gani.