Waajiri Isiolo watii sheria

Yapo maswali ambayo mwanamume akienda kutafuta kazi mjini Isiolo haulizwi. Umeolewa? Kitinda mimba wako ana umri gani? Ukijifungua, mtoto utamwachia nani? Anayeyauliza hudhani anatumia busara. Anavunja sheria. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito au hali ya ndoa, na Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Baba naye ana wiki 2, ingawa wengi huona haya kuziomba.

Tumechoka kusikia kwamba mwanamke achague moja, kazi au nyumba. Asemaye hivyo hajafika kwa kina mama wa ushirika wa Anolei, wanaouza maziwa ya ngamia. Maziwa yakiletwa kutoka malishoni, hunusa mtungi baada ya mtungi wasije wakachanganya yaliyochacha na mazuri, kisha huyapakia kwenye mabasi yaende kuuzwa Eastleigh, Nairobi. Ni wake na ni mama, na biashara haijalala. Lakini tusiwasifu tukasahau gharama. Mama anapokuwa sokoni, mtoto hubaki na nyanya, na nyanya asipokuwepo, mara nyingine ni binti mkubwa anayekosa shule.

Watakaokimbilia dini wakumbuke kwamba Bi Khadija, mke wa Mtume Muhammad, alikuwa mfanyabiashara. Watakaokimbilia mila wawaulize wapiga kura wa kaunti hii hii: mwaka 2017 walimchagua Fatuma Dullo kuwa seneta, mmoja wa wanawake 3 wa kwanza nchini kuingia Seneti kwa kura, na 2022 wakamrudisha. Mpiga kura wa Isiolo amemwacha mwajiri nyuma.

Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka kila mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, chenye mahali pa kunawa mikono, kiti cha kukalia na jokofu la kuhifadhi maziwa. Inasema wazi kwamba chumba hicho kisiwe msalani. Inampa pia mama anayenyonyesha muda wa mapumziko. Mwajiri anayemwacha mfanyakazi wake akamulie maziwa chooni, halafu akamlaumu kwa kuacha kazi, asiseme mama huyo amechagua familia. Amefukuzwa bila barua.

Serikali ya kaunti nayo haina wa kumsukumia lawama. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto. Hilo ni jukumu lao sawa na zahanati na masoko, wala halingoji mfadhili wala hisani ya mke wa kiongozi yeyote.

Kwa hiyo Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ipige marufuku maswali ya ndoa na uzazi katika mahojiano yake, na anayeyauliza aondolewe kwenye jopo. Maafisa wa leba wakague shule, hoteli, benki na ofisi za mashirika, na wanaokaidi washtakiwe. Nanyi waheshimiwa wa Bunge la Kaunti, msipitishe bajeti ijayo kama haina fungu la vituo vya watoto mjini Isiolo, Garbatulla na Merti.