Nasaba si Pambo la Ukutani



Ndugu Waislamu, hivi karibuni, baada ya swala ya Alasiri, walifika katika ofisi ya msikiti wetu watu wa ukoo mmoja wakiwa katika mzozo. Vijana wao walitaka kuandika shajara ya nasaba, itundikwe sebuleni kabla ya harusi ya ndugu yao. Miaka yote walikuwa wakiambiwa kwamba babu yao mkubwa alikuja na jahazi kutoka Arabuni. Kijana mmoja akavuka kwenda Unguja, akatafuta katika hifadhi ya nyaraka iliyoko Kilimani, na akarejea na nakala ya karatasi moja. Humo babu huyo ameandikwa kuwa ni Feruzi, Myao, mtumwa aliyeachwa huru. Mzee wa ukoo akataka karatasi hiyo ichomwe.

Tulimsikiliza mzee wetu kwa heshima, kwani aibu aliyokuwa nayo hakuianzisha yeye. Lakini hatukuweza kuafikiana naye.

Kwanza, ifahamike karatasi za namna hiyo zilitoka wapi. Mwezi wa Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria. Aliyetaka uhuru alilazimika kwenda kuuomba, na bwana aliyethibitisha haki yake alilipwa fidia. Kwa hiyo makarani waliandika majina ya watumwa pamoja na ya mabwana zao. Wengi wa watu hao walikuwa wametekwa bara, wakiwemo Wayao na watu wa pande za Ziwa Nyasa, na majina kama Feruzi au Mabruki mara nyingi walipewa na mabwana. Kabla ya jina hilo palikuwa na jingine, alilolitoa mzazi.

Pili, tumkumbuke Zayd bin Haritha (R.A). Alitekwa angali mtoto, akauzwa, kisha akafika katika nyumba ya Mtume (S.A.W), aliyemwacha huru na kumfanya kama mwanawe, hata watu wakamwita Zayd bin Muhammad. Ikateremka aya ya 5 ya Suratul Ahzab, inayoamuru watu waitwe kwa baba zao, naye akarejeshewa jina la Haritha. Hapakuwa na nasaba tukufu kuliko ile aliyokuwa akinasibishwa nayo, na hata hivyo haki ya baba yake haikufutwa. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 37, Zayd ametajwa kwa jina lake, jambo ambalo hakulipata Sahaba mwingine yeyote ndani ya Qur'ani. Basi ni nani kati yetu atakayesema kuwa kutekwa utumwani kunampunguzia mtu heshima mbele ya Mola wake?

Mtume (S.A.W) ametufundisha tujue nasaba zetu ili tuunge udugu, na ameonya vikali dhidi ya mtu kujinasibisha kwa makusudi na asiyekuwa baba yake. Nasaba hutujulisha warithi na maharimu. Kuibadilisha ili tuonekane watukufu si adabu kwa wazee waliotangulia, ni kuwafuta.

Kwa wanaotaka kutafuta, tunashauri waanze na wazee walio hai, kabla ya kukimbilia makabati ya serikali. Waulizwe majina, mashamba, mitaa, na nani alimuozesha nani. Kisha zitazamwe hati za nikahi, za wakfu na za mirathi. Nyingi za zamani zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, hivyo atafutwe anayezisoma vyema. Karani aliandika alivyosikia, na akina Juma bin Abdallah ni wengi. Jina moja pekee lisichukuliwe kuwa ushahidi. Ukoo huu uliridhika kwa sababu jina la bwana lililomo katika karatasi ndilo bibi yao alilokuwa akilitaja kila alipolizungumzia shamba la zamani.

Nasi viongozi wa misikiti tujilaumu. Katika msikiti wetu, daftari moja la nikahi limeliwa na mchwa, na yaliyosalia ndiyo kwanza tumeanza kuyanakili. Kila ukurasa unaopotea ni njia ya mjukuu fulani inayofungwa.

Ama ukoo ule, mzee hakukubali karatasi itundikwe, na vijana hawakumshurutisha. Imehifadhiwa katika sanduku la bibi, pamoja na hati ya nikahi yake. Siku ya harusi, dua ilipoombwa kwa waliotangulia, mzee mwenyewe alimwinamia imamu akamnong'oneza jina. Sote tukalisikia likitajwa: Feruzi.

Wabillahi tawfiq.